Tathmini ya Semina ya Waamuzi kwa Wachezaji Waliotundika Daluga, Mbeya

Jijini Mbeya, katika ukumbi wa kukodi eneo la Soweto, kuna semina ya mwishoni mwa wiki inayowaandaa wachezaji waliotundika daluga ili waweze kushika filimbi. Haina bango wala tangazo la redio. Habari zake zinatembea kwa mdomo, na anayeitaka akiwauliza makocha wanaofanyisha mazoezi jioni karibu na Uwanja wa Sokoine ataelekezwa hadi mlangoni. Mimi nilicheza beki wa kulia katika ligi ya Mkoa wa Iringa kwa miaka mingi kuliko magoti yangu yalivyotaka, nikahamia Mbeya kikazi, nikalipa ada kama wenzangu na kuisoma semina hiyo hadi mwisho. Kwa kuwa wachezaji wanaokaribia kuacha wanazidi kuniuliza kama fedha hiyo inalipa, naeleza hapa inachotoa, inachokosa, na nani hasa anayestahili kuilipia.

Ada ni shilingi 45,000, na ndani yake mna makabrasha ya sheria zote 17 kwa Kiswahili, chai ya saa nne, chakula cha mchana, filimbi moja na kadi mbili. Jambo ambalo msomaji anapaswa kulielewa mapema ni kwamba cheti kinachotolewa mwishoni hakimpi mtu daraja lolote la uamuzi. Daraja la tatu, la pili na la kwanza hupatikana kwa kufuata utaratibu wa chama cha waamuzi na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, na beji ya FIFA, ile ya waamuzi wa kimataifa, iko mbali zaidi ya hapo. Waendeshaji walilisema hilo waziwazi asubuhi ya kwanza, ila walilisema baada ya kukusanya ada, na palikuwa na ndugu mmoja kutoka Tukuyu aliyeamini kwamba akitoka pale ataanza kuchezesha ligi ya mkoa. Ingekuwa uungwana jambo hilo liandikwe kwenye risiti.

Kinachoitofautisha semina hii na kozi za kawaida ni vipindi vya mchana, ambapo mkufunzi, mwamuzi mstaafu ambaye wote tulimwita Mwalimu, hufundisha kwa kupitia maisha ya kazi na maamuzi ya waamuzi wa Marekani. Alipolitangaza hilo darasa liliguna. Marekani na mpira wa miguu wapi na wapi, mmoja wetu akauliza, na sikuona aliyempinga. Mwalimu alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba waamuzi wengi wa Marekani waliofika mbali walianza wakiwa na kazi nyingine za kuwalisha: Mark Geiger alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari katika jimbo la New Jersey, na Kathryn Nesbitt alikuwa akifundisha kemia chuo kikuu kabla ya kuiacha kazi hiyo kwa ajili ya bendera ya mwamuzi msaidizi. Huku kwetu pia anayechezesha mechi za wilaya ni mwalimu wa shule ya msingi, askari, fundi au dereva wa bajaji, hivyo mwenye kutaka kujua namna ya kugawanya maisha hayo ana cha kujifunza kwao. Sababu ya pili ilituamsha zaidi: hao ndio waliopuliza filimbi katika mechi za Nigeria, Kameruni, Ghana na Brazili ambazo sisi wenyewe tulizitazama kwenye mabanda ya video, tukazilalamikia, na kurudi nyumbani tukiwa na hakika kwamba Afrika imeonewa.

Mfano wa kwanza ulikuwa wa Joe Machnik, na kwa mchezaji anayehamia kwenye filimbi sijaona mfano bora kuliko huo. Machnik alikuwa golikipa katika timu ya Long Island University ya New York, akawa kocha katika University of New Haven, na mwaka 1977 akaanzisha kambi ya mafunzo ya makipa. Halafu akaingia kwenye uamuzi, akachezesha na baadaye kuwasimamia waamuzi wa MISL, ligi ya mpira wa ndani ya ukumbi, ambako uwanja umezungushiwa ukuta, mpira ukigonga ukuta mchezo unaendelea, na mchezaji anayefanya faulo kubwa hutolewa nje kwa dakika 2 huku timu yake ikibaki pungufu. Mwaka 1990, Marekani ilipocheza fainali za Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1950, Machnik alikuwa kwenye benchi la ufundi huko Italia akiwanoa makipa. Ligi Kuu ya Marekani, MLS, ilipoanza mwaka 1996 alikuwa miongoni mwa wasimamizi wa uendeshaji wa mechi zake, na baadaye akawa mtu wa kuwafafanulia sheria watazamaji wa televisheni ya Fox wakati mechi ikiendelea. Leo jina lake limo katika ukumbi wa heshima wa soka wa nchi hiyo.

Mwalimu hakuyataja hayo ili tumshangae Mmarekani. Alitaka tuone kwamba mtu huyo alivuka kutoka golini hadi benchi, kutoka benchi hadi filimbi, akarudi benchi, akahamia ofisini, na kila alikohamia alikwenda na kitu kutoka alikotoka. Kisha akatupanga upya darasani kwa namba tulizocheza, makipa mbele, mabeki nyuma yao, viungo upande mmoja na washambuliaji upande mwingine, akatueleza ugonjwa wa kila kundi. Kipa, alisema, ndiye anayevuka kwa urahisi kuliko wote, kwa sababu amezoea kuutazama mchezo wote ukiwa mbele yake na mpira ukiwa mbali naye. Beki anakuja na ugonjwa wa kuufuata mpira na kumsahau mtu. Mshambuliaji anakuja akiamini kila mguso ndani ya kumi na nane ni penalti, na kiungo anakuja akiwa anaongea mno. Makipa wawili tuliokuwa nao hawakutupa nafasi ya kupumua tangu saa hiyo, lakini kwa upande wangu maneno yale yalikuwa kweli tupu, kwani katika mechi ya majaribio niligundua kwamba kila ulipopigwa mpira mrefu nilikuwa nikigeuza kichwa kuufuata angani, huku nyuma yangu watu wakivutana watakavyo.

Kipindi kilichostahili ada yote peke yake kilikuwa cha Esse Baharmast. Huyu ni Mmarekani mzaliwa wa Iran, na tarehe 23 Juni 1998, mjini Marseille, alichezesha mechi ya Brazili na Norwe ya Kombe la Dunia nchini Ufaransa. Brazili walikuwa wamekwisha kufuzu. Bebeto alifunga, Tore André Flo akasawazisha, na zikiwa zimebaki dakika chache Baharmast akaamuru penalti kwa Norwe, akisema beki wa Brazili, Júnior Baiano, amemvuta Flo jezi. Kjetil Rekdal akapiga, Norwe wakashinda 2-1. Jioni hiyohiyo, kule Saint-Étienne, Moroko walikuwa wameifunga Skoti 3-0 wakidhani wamevuka, kumbe penalti ile iliwapa Norwe pointi 5 na kuwaacha wao na 4. Picha za televisheni zilizoonekana duniani kote hazikuonyesha kosa lolote. Flo alionekana akianguka tu. Magazeti na wachambuzi wakamshambulia mwamuzi kwa maneno mazito, na Afrika nzima ikawa na hasira. Baadaye ikatokea picha ya kamera ya televisheni ya Sweden iliyokuwa upande mwingine, nayo ikaonyesha wazi mkono wa beki ukiwa umeikamata jezi ya Flo na kuivuta.

Badala ya kuishia kwenye hadithi, Mwalimu aliwaita wawili wetu mbele, mmoja akiwa amevaa jezi pana ya mtumba. Akaligawa darasa, nusu tukasimama mbele yao na nusu nyuma, akawaambia waruke kugombea mpira ambao mtu wa tatu aliurusha kutoka kwenye kona ya ukumbi. Sisi tuliokuwa mbele tuliona mtu mzima akijirusha chini bila aibu. Waliokuwa nyuma waliona vidole vinne vimezama kwenye kitambaa, jezi imetanuka kama hema, na mshono wa bega umeanza kuachia. Tukabadilishana pande, wakarudia. Alifanya hivyo kwa kona, kwa mpira wa adhabu, kwa mrusho, na kila mara akitutaka tuseme tungesimama wapi ili tuvione vidole vile. Mtu aliyecheza beki anajua kuvuta jezi. Mimi nimevuta nyingi na sikuwahi kutolewa. Lakini kujua namna ya kuvuta na kujua mahali pa kusimama ili kumwona anayevuta ni elimu mbili mbalimbali, na ya pili niliipata pale.

Sikubaliani na Mwalimu katika kila alichosema, na kipindi cha Geiger ndicho kilichotutenganisha. Tarehe 30 Juni 2014, mjini Brasília, Geiger alichezesha Ufaransa na Nigeria katika hatua ya 16 bora, akawa Mmarekani wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati katika mechi ya mtoano ya Kombe la Dunia. Ufaransa walishinda 2-0. Katika kipindi cha pili Blaise Matuidi wa Ufaransa alimwendea Ogenyi Onazi wa Nigeria kwa mguu uliotua kwenye kifundo, Onazi akashindwa kuendelea, na Matuidi akaonyeshwa kadi ya njano. Mwalimu aliusimamisha mkanda kabla ya kadi kutolewa, akatutaka tuamue kwa kuandika kwenye karatasi. Karibu sote tuliocheza tukaandika nyekundu. Yeye akasema hiyo ndiyo hisia ya mchezaji, kwamba tunamwona mwenzetu ameumia na tunahukumu maumivu badala ya kosa, na kwamba mwamuzi aliyekuwa uwanjani aliona mguu mara moja tu, kwa kasi yake halisi.

Hoja hiyo ina uzito, ila nadhani hapo aliibeba mno. Sheria ya 12 inamtaka mwamuzi atazame kama nguvu imezidi kiasi au usalama wa mpinzani umehatarishwa, na aliyewahi kuingia kwenye mpira akiwa amechelewa anautambua mguu wa kuvunja kabla haujatua, kwa namna goti lilivyofungwa na njumu zilivyoelekezwa. Ujuzi huo si huruma. Ni ushahidi, na ndiyo sababu hasa ya kuwaita wachezaji wa zamani kwenye filimbi. Nilimwambia hivyo, kwa adabu, naye akanijibu kwamba ningeiandika ripoti yangu vizuri basi ningekuwa na haki ya kutoa nyekundu yangu. Tuliachana hapo, na darasa lilifurahia malumbano hayo kuliko chakula cha mchana.

Kwa Ismail Elfath tulikuwa wamoja zaidi. Elfath alizaliwa Casablanca, akahamia Marekani akiwa kijana, na amechaguliwa kuwa mwamuzi bora wa mwaka wa MLS mara mbili, 2020 na 2022. Kwenye Kombe la Dunia la Qatar alichezesha Ureno na Ghana, mechi iliyokwisha 3-2, na penalti aliyompa Cristiano Ronaldo ilimfanya kocha wa Ghana, Otto Addo, amlaumu hadharani. Darasani kwetu hukumu ilikuwa nusu kwa nusu, na Mwalimu akaiacha hivyo. Aliyoitaka tuitazame kwa makini ni ya tarehe 2 Desemba 2022, Kameruni na Brazili katika uwanja wa Lusail. Vincent Aboubakar, aliyekuwa na kadi ya njano, alifunga kwa kichwa katika dakika za nyongeza, akavua jezi na kwenda nayo kwenye kibendera cha kona. Kuvua jezi wakati wa kushangilia ni kadi ya njano, na haijalishi umeifunga Brazili. Elfath alimfikia akitabasamu, akampa mkono, akampapasa kichwa, ndipo akamwonyesha njano ya pili na nyekundu. Aboubakar naye akatoka akicheka.

Tulirudia sekunde zile mara kadhaa, kisha kila mmoja akaitwa kumtoa mwenzake kwa kadi ya pili. Hapo ndipo uchezaji wetu ulipotuumbua. Wengi tulichomoa kadi kwa kasi na kuinyanyua juu huku kifua kikiwa mbele, kama ambavyo marefa walivyokuwa wakitufanyia sisi, na mmoja aliyewahi kutolewa mara nyingi enzi zake alionekana kabisa kwamba analipa kisasi. Mwalimu alikuwa akisema, "Mzee, huyo si mtoto wako, rudi nyuma hatua moja." Umbali wa mkono mmoja na nusu, mabega yameshuka, jina la mchezaji au namba yake kwanza, kadi baadaye. Ni jambo dogo kulieleza, lakini yeyote aliyewahi kuona mechi ya mtaa ikivunjika huko Nzovwe au Uyole anajua kwamba mara nyingi vurugu huanzia kwenye mkono uliotoa kadi kwa dharau.

Tori Penso alipewa muda mfupi kuliko alivyostahili. Mwezi Septemba 2020 alichezesha D.C. United na Nashville, akawa mwanamke wa kwanza baada ya miaka 20 kuwa mwamuzi wa kati katika MLS, na tarehe 20 Agosti 2023, mjini Sydney, akachezesha fainali ya Kombe la Dunia la wanawake kati ya Hispania na Uingereza, wasaidizi wake wakiwa Wamarekani wenzake Brooke Mayo na yule Nesbitt wa kemia. Ilipotolewa penalti ya mkono baada ya kutazama marudio ya video ya VAR, aliutangazia uwanja mzima uamuzi huo kwa kipaza sauti. Tulikuwa na dada mmoja darasani, kiungo wa zamani wa timu ya wanawake, na ingefaa sana apewe muda wa kuzungumzia namna mwanamke anavyopokewa na wachezaji wanaume, hasa katika nchi ambayo Jonesia Rukyaa amekwisha kuchezesha mechi ya Yanga na Simba. Muda ukapotea kwenye hitilafu ya waya wa luninga. Dada huyo pia alilazimika kubadilishia nguo stoo, kati ya viti vya plastiki na ndoo za rangi, jambo ambalo waendeshaji hawana udhuru nalo.

Sasa niseme palipo na udhaifu mkubwa, nao uko nje ya ukumbi. Mafunzo ya uwanjani yalikuwa machache, na uwanja wenyewe ulikuwa umekodishwa kwa watu wengine saa ileile tuliyopangiwa, hivyo tukafanyia mazoezi kwenye nusu ya upande wa goli moja huku wanafunzi wakicheza upande wa pili na mpira wao ukiingia kwetu kila mara. Mfumo wa kukimbia kwa mshazari, yaani kutoka upande wa kona moja hadi ile ya mkabala, ambao ndio uti wa mgongo wa kazi ya mwamuzi wa kati, hauwezi kufundishwa kwenye nusu uwanja. Ukumbini Mwalimu aliuchora vizuri kwa chaki kwenye sakafu ya saruji, akapanga vifuniko vya soda kama wachezaji na kusogeza kimoja baada ya kingine, na tukaelewa. Miguu, hata hivyo, haikuelewa. Kwenye mechi yangu ya kwanza ya bonanza baada ya semina nilijikuta mara mbili nimesimama palepale ambapo kiungo alitaka kupitishia pasi, na wachezaji hawakunificha walivyofikiri.

Utimamu wa mwili nao uligusiwa kwa maneno. Tulielezwa kipimo cha waamuzi wa kiume wa kimataifa: mbio 6 za mita 40, kila moja isizidi sekunde 6, na baada ya hapo mita 75 kwa sekunde 15 na kutembea mita 25 kwa sekunde 18, kwa kurudia mara 40 hadi zitimie mita 4,000. Hatukukimbizwa hata robo yake. Kwa mtu wa Mbeya, ambako tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na mapafu yamezoea hewa nyepesi, kipimo hicho kinawezekana akijiandaa. Kwa mtu aliyeacha kucheza na kuota kitambi ni habari ya kumtisha, na ilikuwa heri atishwe mapema na saa ya mkononi kuliko aje kujua siku ya mtihani wa kweli. Mimi ningeondoa saa moja ya luninga na kuipeleka kwenye mbio.

Filimbi inayotolewa ni ile ya kigololi ndani, ya plastiki nyepesi. Ukumbini inalia vizuri. Siku ya manyunyu, na huku kwetu manyunyu huja bila kubisha hodi, kigololi kilishikana na maji na mate, nikapuliza nikasikia pumzi tupu, na mshambuliaji akaendelea na safari yake hadi golini. Tatizo hilo ni la zamani kiasi kwamba Ron Foxcroft, mwamuzi wa mpira wa kikapu wa Kanada, alilikuta kwake, akatafuta mbunifu, na mwaka 1987 filimbi ya Fox 40 isiyo na kigololi ikaingia sokoni. Zinazofanana nayo zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya michezo mjini, na waendeshaji wangeweza kupandisha ada kidogo na kutoa hiyo. Kadi zao hazina shida, ila rangi ya njano ni hafifu na jua la mchana linaifanya ionekane nyeupe.

Uandishi wa ripoti ni eneo ambalo sikutarajia kulipenda. Kila jioni tulitakiwa kuandika tukio moja la siku hiyo: dakika, namba ya mchezaji, mahali lilipotokea, kilichofanyika, uamuzi uliotolewa, bila neno hata moja la kujitetea. Mwalimu aliyarudisha maandishi yenye "kwa makusudi kabisa" na "kwa utovu wa nidhamu uliokithiri" yakiwa yamekatwa kwa kalamu nyekundu, akidai tuandike mkono ulikuwa wapi na mpira ulikuwa wapi. Kamati ya mashindano ikikaa mezani haikumbuki hasira za mwamuzi, inasoma karatasi. Nimewahi kuona mechi za wilaya zikirudiwa kwa sababu ya ripoti mbovu, na nadhani eneo hili ni bora kuliko yote niliyoyapata katika semina hii baada ya zoezi la jezi.

Chakula ni wali na maharage, kwa wingi wa kutosha, na parachichi za msimu ambazo huku hazina bei. Ukumbi una baridi kali asubuhi za Juni na Julai, kwa hiyo mtu aje na sweta. Luninga ni ndogo kwa darasa la ukubwa ule, na anayekaa nyuma ya safu ya tatu hataviona vidole vya mtu yeyote.

Kwa aliyecheza mpira wa ushindani, hata wa ngazi ya wilaya, nashauri alipe. Atapata mtu wa kumwonyesha ni tabia gani za uchezaji azibebe na zipi aziache mlangoni, na sijui mahali pengine Nyanda za Juu Kusini ambako jambo hilo linafundishwa kwa uwazi namna hii. Kwa ambaye hakucheza, na anataka kuanza uamuzi moja kwa moja, naona fedha yake itafanya kazi zaidi akienda kwanza kwenye chama cha waamuzi cha wilaya yake na kujitolea kushika kibendera, kwa sababu vipindi vingi hapa vinadhani tayari unajua faulo inavyofanywa. Atakayelipa aulize kabla ya kutoa fedha kama uwanja mzima umekodiwa na kwa saa gani, kama kuna chumba cha wanawake cha kubadilishia nguo, na kama ahadi ya kuunganishwa na mechi za bonanza baada ya semina bado ipo. Sisi tuliahidiwa orodha ya mechi, tukapewa namba za simu za waandaaji watatu, na mmoja tu kati yao ndiye aliyekuwa akipokea.